Darubini ya Macho Mawili: Utendakazi na Matumizi Yake

Utangulizi

Maji yanapokupwa katika mkono wa bahari wa Mida, kusini mwa Watamu, matope hubaki wazi na ndege wa pwani hushuka kwa makundi kutafuta chakula. Mgeni anayesimama kwenye daraja la mbao lililojengwa katikati ya mikoko huona vidoa vya kijivu vikisogeasogea kwa mbali. Mwelekezi aliye kando yake huinua darubini, hunyamaza kidogo, kisha hutaja jina la ndege, hukadiria umri wake kwa kuangalia manyoya, na hueleza nchi atakayorudi kuzaliana. Kwa mgeni huyo jambo hili hukaribia kuwa uganga. Hata hivyo, kinachowatenganisha watu hawa wawili ni mazoea, pamoja na vipande kadhaa vya kioo vilivyopangwa kwa ustadi ndani ya mirija miwili.

Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi vipande hivyo vinavyofanya kazi na jinsi watu wanavyovitumia. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba darubini "huvuta vitu karibu". Maelezo hayo ni mepesi kukumbukwa, lakini yana upungufu ambao hauishii katika nadharia. Humfanya mnunuzi achague chombo kisichomfaa, humfanya mtazamaji akosee kukadiria umbali wa mnyama hatari, na huficha sababu inayoifanya darubini iweze kupofusha jicho kwa muda mfupi sana.

Neno lenyewe

Neno darubini lina asili ya Kiajemi, ambamo dur ni 'mbali' na bin ni shina la kitenzi cha kuona. Kihindi na Kiurdu vina neno la chimbuko hilohilo, na si ajabu kwamba lilifika katika pwani yetu, kwani Bahari Hindi imesafirisha maneno kama ilivyosafirisha mikeka, tende na nguo. Lilipokwisha kufika, maana yake ilipanuka. Mrija wa nahodha wa kutazamia nchi kavu uliitwa darubini. Chombo cha maabara cha kukuzia viini kiliitwa darubini. Na hiki cha mirija miwili kikaitwa vivyo hivyo. Baadaye neno hadubini lilipata nafasi katika vitabu vya sayansi kwa kile cha kuonea vitu vidogo mno. Mgawanyo huu ni wa manufaa, japo wahakiki wa fasihi hawajauzingatia sana. Mwanafunzi anayetangaza kwamba ataitazama riwaya "kwa darubini", kisha akachambua sentensi mojamoja, amechukua chombo cha baharia kufanyia kazi ya maabara.

Kwa chombo cha mirija miwili, wakazi wengi wa mijini nchini Kenya hutumia jina la Kiingereza moja kwa moja. Katika makala haya kitaitwa darubini ya macho mawili, na panapoeleweka, darubini tu.

Suala la pembe

Ukubwa wa kitu kama kinavyoonekana hutegemea pembe ambayo kitu hicho hufanya katika jicho. Kitu kikienda mbali, pembe hupungua. Ikipungua kupita kiasi fulani, jicho haliwezi tena kutofautisha sehemu moja na nyingine. Jicho lenye afya hutofautisha nukta mbili zilizoachana kwa takriban sentimita 3 zikiwa umbali wa mita 100. Zikiwa mita 200, lazima ziachane kwa sentimita 6 hivi.

Tuchukue mfano wa kitwitwi mmoja wa Mida, yule mwenye mdomo uliopinda kuelekea chini, ambaye huzaliana Siberia na hukaa Afrika wakati wa baridi ya huko. Wanasayansi humwita Calidris ferruginea. Urefu wake ni sentimita 20 hivi, na mdomo wake hukaribia sentimita 4. Akiwa mita 200 kutoka kwenye daraja, mwili wake huonekana kama kidoa kirefu kidogo. Mdomo, ambao ndio kitambulisho chake kikubwa, ni mdogo kuliko kipimo cha chini kabisa cha jicho. Kwa mtazamaji, mdomo huo ni kama haupo. Darubini yenye uwezo wa kukuza mara 8 huipanua pembe mara 8, na kipimo kile cha sentimita 6 hushuka hadi chini ya sentimita 1. Mdomo hujitokeza, na pindo lake pia.

Je, si sawa basi kusema kwamba ndege amevutwa hadi mita 25? La. Kwanza, hewa iliyo kati yake na mtazamaji ingali ya mita 200. Adhuhuri, joto linapopanda kutoka ardhini, mtetemo wa hewa hiyo hukuzwa mara 8 pamoja na ndege. Mtetemo wa mkono nao hukuzwa vivyo hivyo, na ndiyo sababu watazamaji wazoefu huegemeza viwiko vyao kwenye ukingo, kwenye mlango wa gari au kifuani.

Pili, na hili ndilo lenye uzito zaidi, darubini hukuza kitu cha mbele na cha nyuma kwa kiasi kilekile. Mtu anayemkaribia nyati kwa miguu humwona akikua upesi kuliko nyati mwingine aliye nyuma yake, na nafasi iliyo kati yao hudhihirika. Darubini haifanyi hivyo. Nyati wawili walioachana kwa mita 50 katika mbuga huonekana kama wamebanana ubavu kwa ubavu. Askari wa wanyamapori anayetaka kujua kama ndovu amesimama karibu na mtoto wake, au kama kuna nafasi ya kupita kati ya wanyama wawili, hawezi kuiamini picha hiyo peke yake. Hana budi kuishusha darubini, apime kwa macho matupu, kisha aamue.

Ndani ya mrija

Katika kila mrija mna lenzi kubwa ya mbele na lenzi ndogo ya jicho, ambazo kwa kawaida kila moja ni mkusanyiko wa vioo kadhaa. Lenzi ya mbele hupokea miale kutoka kwa kitu kilicho mbali, huipinda na kuikutanisha ndani ya mrija, ikaunda picha ndogo. Lenzi ya jicho hutumika kuitazama picha hiyo kama vile fundi wa saa anavyotumia kioo chake cha kukuzia. Ikiwa lenzi ya mbele hukutanisha miale katika umbali wa milimita 160 na ya jicho katika milimita 20, darubini hukuza mara 8.

Tatizo ni kwamba picha inayoundwa na lenzi ya mbele huwa imepinduka: juu chini, kulia kushoto. Mtazamaji wa nyota hasumbuliwi sana na jambo hili, kwani nyota haina kichwa wala miguu. Lakini hakuna anayetaka kumfuata twiga anayetembea kichwa chini. Darubini za awali zililikwepa tatizo kwa kutumia lenzi ya jicho iliyobonyea. Hans Lippershey, fundi wa miwani wa Middelburg, Uholanzi, aliomba hati ya kumiliki ugunduzi wa darubini mwaka 1608, na wakuu wa serikali walimtaka atengeneze nyingine ya kutazamiwa kwa macho yote mawili. Kwa hiyo wazo la macho mawili lina umri sawa na darubini yenyewe. Lakini chombo cha aina hiyo, kinapoongezewa uwezo wa kukuza, huonyesha eneo jembamba mno, kana kwamba mtu anachungulia katika tundu la kitasa.

Ufumbuzi wa kudumu ulitokana na mche wa kioo, yaani prizimu. Mwanga unaosafiri ndani ya kioo na kuugonga upande wake kwa mshazari mkubwa hautoki nje, huakisiwa wote. Kwa kioo cha kawaida, jambo hili hutokea pembe inapozidi nyuzi 42 hivi, na katika mche uliokatwa vizuri mwanga hugonga kwa nyuzi 45. Hivyo upande wa kioo huwa kama kioo cha kujitazamia bila kupakwa chochote kwa nyuma. Mwitaliano Ignazio Porro alipata hataza mwaka 1854 ya kupanga miche ili mwanga uakisiwe mara nne na picha irudi kusimama wima. Wazo lilikuwa sahihi, ila kioo safi na ufundi wa kukikata kwa usahihi uliohitajika havikuwapo. Ilibidi kungoja hadi 1894, ambapo Ernst Abbe na kiwanda cha Carl Zeiss mjini Jena, Ujerumani, walipoanza kutoa darubini za miche kwa wingi, wakisaidiwa na vioo bora vya Otto Schott.

Miche hiyo ina faida mbili nyingine. Hukunja njia ya mwanga, hivyo mrija mrefu huwa mfupi wa kuning'inizwa shingoni. Tena, katika darubini za mtindo wa Porro, lenzi za mbele huachana zaidi ya macho yenyewe, na jambo hilo huongeza kidogo hisia ya kina. Darubini za mirija iliyonyooka, zinazopendwa zaidi siku hizi, hutumia miche ya mtindo mwingine, ambayo ni vigumu zaidi kuitengeneza. Ndiyo maana ile ya bei nafuu iliyonyooka mara nyingi hushindwa na ile ya Porro ya bei hiyohiyo.

Kikwazo kingine kilikuwa upotevu wa mwanga. Kila uso wa kioo kisichopakwa chochote hurudisha takriban asilimia 4 ya mwanga unaouangukia. Katika darubini yenye nyuso 12 za namna hiyo, karibu asilimia 40 hupotea njiani, na sehemu yake huzagaa ndani na kuifanya picha ififie kama iliyofunikwa na ukungu. Mwaka 1935 Alexander Smakula, akiwa katika kiwanda cha Zeiss, alivumbua njia ya kupaka utando mwembamba mno unaopunguza urudishaji huo. Utando ndio chanzo cha rangi ya kijani au zambarau inayoonekana juu ya lenzi nzuri. Lenzi zinazong'aa nyekundu kama rubi, ambazo huwavutia wanunuzi wengi, huirudisha nje rangi nyekundu na kumwachia mtazamaji picha yenye ukijani. Ni pambo lisilo na faida kwa anayetazama ndege.

Nambari mbili

Kila darubini huandikwa nambari mbili, kwa mfano 8x42. Ya kwanza ni kiwango cha ukuzaji. Ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Mnunuzi asiyeelezwa hukimbilia ile yenye nambari ya kwanza kubwa, kwani ikiwa kazi ya darubini ni kuvuta vitu karibu, basi inayovuta zaidi ndiyo bora. Hapa ndipo maelezo yale mepesi yanapomgharimu mtu fedha.

Nambari ya pili ikigawanywa kwa ya kwanza hutoa upana wa mwale wa mwanga unaotoka kwenye lenzi ya jicho. Kwa 8x42 ni milimita 5.25; kwa 10x25, ile ndogo ya mfukoni, ni milimita 2.5. Mboni ya jicho hujifungua milimita 2 au 3 mchana, na giza linapoingia huweza kufikia 7 kwa kijana, ingawa kwa mtu wa makamo huwa mara nyingi 5 tu. Mchana wa jua kali darubini zote mbili hutosheleza. Jioni, mboni ikiwa imefunguka milimita 5, 10x25 huujaza robo tu ya eneo la mboni, na picha huwa na giza mara nne kuliko ile ya macho matupu. Ndiyo sababu manahodha kwa muda mrefu wamependelea 7x50, ambayo mwale wake hufikia milimita 7: wao huhitaji kuona boya na taa za vyombo vingine usiku. Tena, ukuzaji wa mara 7 unavumilika hata sitaha inapoyumba.

Katika msitu wa Arabuko-Sokoke, mwendo mfupi tu kutoka Mida, mahitaji ni mengine. Huko kunaishi bundi mdogo wa Sokoke, Otus ireneae, aliyetambuliwa na wanasayansi katika miaka ya 1960 na anayejulikana katika msitu huo na maeneo machache tu ya pwani ya Kenya na kaskazini mashariki mwa Tanzania. Mchana hujituliza kwenye kichaka akafanana na jani kavu. Mwelekezi humpata mita chache tu mbele yake, kivulini. Kwa kazi hiyo darubini ya mara 12 au 16 haifai kitu: huonyesha eneo dogo, hutetemeka, na mara nyingi haiwezi kulenga kitu kilicho karibu.

Darubini zinazouzwa kwa bei ya chini kando ya barabara aghalabu huchapishwa nambari za kushangaza, kama vile 30x60, juu ya chombo kinachoenea kiganjani. Njia ya kumhoji muuzaji bila kugombana naye ni rahisi. Kwanza lenzi ya mbele hupimwa kwa rula. Kisha darubini hushikwa kwa mkono ulionyooshwa na kuelekezwa penye anga jeupe, mbali kabisa na jua. Katika lenzi ya jicho huonekana kiduara cha mwanga, nacho hupimwa pia. Kipenyo cha lenzi kikigawanywa kwa kipenyo cha kiduara, jibu ndilo kiwango halisi cha ukuzaji. Iwapo kiduara ni cha mraba au kina kingo zilizokatwa, miche ni midogo au ni ya kioo duni.

Kurekebisha darubini kwa macho ya mtumiaji ni kazi ya dakika moja ambayo watu wengi huiruka. Mirija husogezwa hadi duara mbili ziwe moja. Jicho la kulia hufumbwa, na gurudumu la katikati huzungushwa hadi kitu kionekane vizuri kwa jicho la kushoto. Kisha la kushoto hufumbwa, na pete iliyo kwenye lenzi ya jicho la kulia huzungushwa bila kugusa gurudumu. Kuanzia hapo gurudumu peke yake linatosha. Mwenye miwani hukunja vikombe vya mpira ili macho yasogee karibu. Darubini iliyoanguka hata ikaacha mirija yake kuelekea pande tofauti kidogo haiwezi kutengenezwa kwa kuzungusha chochote. Humpa mtumiaji maumivu ya kichwa, na mahali pake ni kwa fundi.

Mwanga unaokusanywa

Lenzi ya milimita 42 hupokea mwanga karibu mara 200 ya ule unaoingia katika mboni iliyofunguka milimita 3. Hili ndilo jambo ambalo dhana ya kuvuta karibu hulificha kabisa. Jua halivutwi, mwanga na joto lake hukusanywa na kumwagwa ndani ya jicho. Retina haina neva za maumivu, kwa hiyo mtu anaweza kuiunguza asijue hadi saa kadhaa baadaye, anapogundua kwamba katikati ya kila anachokitazama pana doa jeusi. Tarehe 3 Novemba 2013 kupatwa kwa jua kulipita juu ya eneo la Turkana, na matukio ya namna hiyo huwatoa watu majumbani na chochote walicho nacho cha kutazamia. Miwani ya kupatwa kwa jua ikivaliwa nyuma ya darubini haisaidii, kwa kuwa mwanga uliokusanywa huweza kuiharibu. Kichujio sharti kiwe mbele ya lenzi kubwa, tena kiwe kimetengenezwa kwa kazi hiyo. Na mtoto asiachiwe darubini mchana bila mtu mzima.

Matumizi

Kazi ya askari wa wanyamapori huanzia juu ya kilima alfajiri. Hutafuta moshi, nyayo za magari, na hasa tai wanaozunguka angani, kwani hao ni dalili ya mzoga. Majangili katika sehemu mbalimbali za Afrika wameielewa dalili hiyo, na wamewahi kutia sumu katika mizoga ya ndovu ili tai wafe wasiwafichue. Watafiti nao huhesabu ndege wa majini katika maziwa ya Bonde la Ufa kila mwaka, zoezi lililoanza mapema katika miaka ya 1990, ambalo bila darubini lingekuwa ni kukisia. Wapo pia wapenzi wa mbio za farasi katika uwanja wa Ngong, na wapo, haina budi kusemwa, majirani wasio na adabu.

Lakini ni pale Mida na Arabuko-Sokoke ambapo chombo hiki kimefungamana na maisha ya watu kwa namna ya pekee. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 shirika la A Rocha Kenya lilianzisha mpango wa ASSETS, ambao umetumia mapato ya wageni wanaolipa kulitembelea daraja la mikoko, pamoja na michango ya wahisani, kuwalipia karo ya shule ya upili watoto wa familia zinazopakana na msitu. Wazazi hao wangeweza kuuona msitu kama kuni na mbao tu. Mgeni hulipa ili aonyeshwe ndege. Asipoona ila vidoa vya kijivu, hana sababu ya kurudi wala ya kuwaelekeza wenzake huko. Kwa mwelekezi kijana, basi, darubini ya 8x42 iliyo safi na iliyolingana ni jembe lake.

Usiku nayo haikai bure. Darubini ya kawaida ikiegemezwa ukutani huonyesha mashimo ya mwezi, na kando ya Mshtarii huonyesha miezi yake minne mikubwa, ileile ambayo Galileo aliitangaza mwaka 1610. Lakini kinachostahili kutazamwa kuliko vyote ni Kilimia, kundi la nyota ambalo wakulima wa pwani walilitumia kuhesabia misimu na ambalo jina lake limetokana na kulima. Macho matupu huhesabu nyota sita au saba. Kwa 8x42 hutokea nyingi za buluu, kwa kuwa nyota ni nukta: mwanga wake uliokusanywa hautandazwi kama wa ndege au mlima, bali hujilimbikiza mahali pamoja. Darubini kubwa za wanasayansi haziwezi kulionyesha kundi zima kwa mara moja. Huona kipande tu, ilhali hii ya kuning'iniza shingoni hulikumbatia lote na kubakisha nafasi. Umbali wake ni takriban miaka 440 ya mwendo wa mwanga. Mwanga unaoingia katika lenzi usiku huu uliondoka huko kabla ya Lippershey kukata kioo chake, na kabla ya Wareno kuweka jiwe la kwanza la Ngome ya Yesu mjini Mombasa mwaka 1593.